MCHEZO UKIZIMWA, MTOTO AMEBAKI NA NINI?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemjaalia mwanadamu akili ya kufikiri na ulimi wa kusema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, mwaka huu katika ukurasa wetu wa maoni tumeona tuzungumzie jambo ambalo limeleta mabishano katika nyumba nyingi za hapa kwetu Kariakoo na mitaa ya jirani, kuanzia Gerezani na Mnazi Mmoja hadi Ilala na Magomeni. Jambo lenyewe ni michezo ya maneno na chemshabongo inayochezwa kwenye simu na vishikwambi, ile inayosifiwa kwa jina la "michezo ya elimu".

Wazazi wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema gemu ni gemu tu. Kwao kila kinachochezwa kwenye kioo ni upuuzi na upotezaji wa wakati, na mtoto asiguse kabisa. Kundi la pili linasema maadamu mchezo umeandikwa "elimu", basi hauna neno, na mtoto aachwe nao. Tena akiwa ametulia na simu yake, mama anapata nafasi ya kupika na baba anapata nafasi ya kupumzika baada ya kutoka dukani.

Sisi hatukubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili. Rai yetu ni kwamba mchezo wa aina hii upimwe kwa swali moja: ukizimwa, mtoto amebaki na nini? Akibaki na neno alilolielewa, ambalo anaweza kulisoma, kuliandika na kulitumia mbele ya watu, mchezo umemfaa. Akibaki na hamu ya kuuwasha tena tu, basi mchezo umemla wakati wake, hata kama umeandikwa "elimu" kwa herufi za dhahabu.

FUMBO SI JAMBO GENI KWETU

Tuanze na wale wanaokataa kila mchezo. Tunawaelewa hofu yao, lakini tunawakumbusha kuwa kuchezea maneno ili kunoa akili hakukuletwa na simu. Wazee wetu wa pwani walikaa na watoto jioni, mmoja akasema "Kitendawili!" na wengine wakaitika "Tega!" Asiyejua jibu alitakiwa kutoa mji. Palikuwa pia na kusema kwa kinyume, ambapo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele, na asiyezoea akabaki ameduwaa. Hata neno "muamma", lenye maana ya fumbo, tumelipokea kutoka Kiarabu.

Na tukitazama historia ya wanazuoni wetu, tunakuta jambo kubwa zaidi. Katika karne ya 2 Hijria, Imam al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, ambaye asili yake ni Oman na ambaye aliishi Basra, alitaka kuyakusanya maneno ya Kiarabu katika kitabu kimoja. Angewezaje kuhakikisha kwamba hakuna neno lililomponyoka? Alizichukua herufi za asili ya neno akazipangua kwa kila njia inayowezekana. Herufi mbili hutoa mipango 2, herufi tatu hutoa mipango 6, herufi nne hutoa 24 na herufi tano hutoa 120. Kisha akatazama ni mipango ipi inayotumiwa na Waarabu na ipi haitumiki. Hiyo ndiyo njia ya Kitabul Ayn, kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiarabu.

Wanafunzi, jaribuni wenyewe kwa herufi kaf, ta na ba. Mtapata mipango sita kamili. Mpango wa kwanza peke yake umetupa sisi Waswahili maneno kitabu, katibu na maktaba. Anayecheza leo mchezo wa kupangua herufi kwenye simu anafanya kwa kidole kazi ambayo Imam al-Khalil aliifanya kwa akili na kalamu zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Tofauti ni kwamba yeye kazi yake ilibaki na kitu cha kudumu, ambacho watu walikirithi.

Katika karne iliyofuata, huko Baghdad, mwanazuoni al-Kindi aliandika risala inayoeleza namna ya kusoma barua iliyoandikwa kwa siri. Njia yake ni kuhesabu ni herufi gani inajirudia mara nyingi zaidi katika lugha, kisha kuilinganisha na alama inayojirudia zaidi katika barua. Shikeni jambo hili la kuhesabu herufi, kwa sababu tutalirudia hivi punde.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa chemshabongo ya maneno ni upuuzi. Swali si kama mtoto acheze au asicheze. Swali ni anacheza na maneno ya nani, kwa muda gani, na ni nani yuko karibu naye.

MANENO YA NANI?

Sasa tuzungumze na wale wanaoridhika na jina la "elimu". Mzazi akipita Mtaa wa Aggrey au Msimbazi atakuta simu na vishikwambi vya kila bei, na muuzaji atamwonyesha kuwa ndani yake imo michezo ya watoto. Mzazi anafungua pochi. Lakini ni wachache wanaouliza swali moja rahisi: mchezo huu unajua Kiswahili?

Chukueni mfano wa Scrabble, mchezo wa maneno uliojulikana duniani kote na ambao siku hizi unachezwa pia kwenye simu. Ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, mchoraji wa majengo ambaye alikuwa amekosa kazi. Ili ajue kila herufi aiwekee vipande vingapi, alihesabu herufi zilizotumika katika ukurasa wa mbele wa gazeti la The New York Times. Mwaka 1948 mchezo ukapewa jina hilo la Scrabble. Bila shaka mmeona kuwa hesabu yake ni ya namna ile ile ya al-Kindi.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa Kiingereza. Lakini katika vipande 100 vya mchezo huo wa Kiingereza, herufi K imo mara moja tu. Sasa jaribu kuandika "kuku". Huwezi, ila kwa kutumia kipande kitupu kisicho na herufi. Jaribu "kaka", "kikombe", au "kukaa", ni vivyo hivyo. Hata jina la Kariakoo lina K mbili, tukiacha kuwa majina ya mahali hayaruhusiwi. Wakati huo huo mchezaji anaweza kushika mkononi Q na X, herufi ambazo Kiswahili hakina kazi nazo.

Hii haina maana kwamba aliyebuni mchezo alikuwa na ubaya nasi. Alihesabu gazeti la kwao, akatengeneza mchezo wa kwao. Kosa linakuja pale sisi tunapompa mtoto wa darasa la pili mchezo wenye orodha ya maneno ya Kiingereza na kumwambia, "Huu ni wa kukupa akili." Mtoto anaandika "kitabu", kioo kinamkatalia. Anaandika "daftari", kinamkatalia tena. Hakuna anayemweleza kwamba amepatia na kwamba ni mashine ndiyo haijui. Akikataliwa mara nyingi, mtoto atajifunza somo ambalo halikuandikwa popote: kwamba maneno ya nyumbani kwao ni makosa.

Na hapa ndipo penye hasara ya kweli. Mwaka 2011 utafiti wa Uwezo ulionyesha kuwa ni takriban watatu tu kati ya kila wanafunzi 10 wa darasa la tatu nchini Tanzania walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto ambaye hajakamata kusoma kwa lugha anayoizungumza hatashika masomo mengine kwa urahisi, na hata hapa madrasa tafsiri na maelezo ya dini anayapata kwa Kiswahili hicho hicho.

Tujifunze kwa jina la mtaa wetu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na kambi yao ilikuwa hapa. Watu wa Dar es Salaam walilichukua jina hilo gumu, wakalipa irabu mwishoni, likawa Kariakoo. Lugha yetu haiogopi cha wageni. Inakipokea, inakitengeneza, inakifanya chake. Na michezo hii tuifanyie hivyo.

JARIBIO LA TANGA

Huenda mzazi akauliza: Je, mchezo wa Kiswahili kwenye kishikwambi unaweza kumfundisha mtoto kweli? Hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu jambo hili lilijaribiwa hapa hapa nchini.

Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la kutengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Zawadi zilikuwa dola milioni 15. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 programu tano zilizofika fainali zilipelekwa Mkoa wa Tanga, zikiwa katika Kiswahili, na karibu watoto 3,000 wa vijijini wakapewa vishikwambi. Kazi hiyo ilifanywa kwa kushirikiana na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vijijini viliwekwa vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua, na kina mama wa vijiji hivyo wakawa waangalizi.

Kabla ya jaribio, watoto takriban 74 kati ya kila 100 walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya 90 kati ya kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana dola milioni 10, na programu zikaachwa wazi ili wengine wazitumie bure.

Katika jaribio hili tunaona mambo mawili, na yote mawili ni muhimu.

La kwanza ni kwamba mchezo uliotengenezwa kwa lugha ya mtoto, wenye ngazi za kupanda na mwisho unaojulikana, unaweza kumtoa mtoto gizani. Anayesema kila gemu ni upuuzi ana deni la kulijibu jambo hili.

La pili ni kwamba, kwa kiasi cha nusu ya wale walioanza bila kujua neno, miezi 15 ilipita na neno bado halijasomeka. Kishikwambi hakikuwa mwalimu kamili. Anayedhani kuwa akishanunua kifaa amemaliza wajibu wa malezi naye ana deni la kulijibu hili.

HATARI ZILIZOJIFICHA

Watoto wa Tanga walipewa vifaa vilivyowekwa masomo. Simu anayoshika mtoto wa Kariakoo haiko hivyo. Michezo mingi ya bure huendeshwa kwa matangazo, na mwenye mchezo hupata fedha kadiri mtoto anavyokaa muda mrefu. Kwa hiyo mchezo hautaki mtoto amalize. Unamwambia arudi kesho asikose zawadi, unamzungushia gurudumu la bahati, unampa sarafu za uongo na kumwambia akitaka zaidi anunue za kweli.

Wazazi, tulitazame gurudumu hilo kwa makini. Kamari imekatazwa wazi katika Qur'an, katika Suratul Maida, aya ya 90. Hatusemi kwamba mtoto anayezungusha gurudumu la mchezo amecheza kamari kwa hukumu yake kamili, maana hajaweka fedha. Tunasema kwamba mkono wake unazoeshwa. Akifika miaka 18 na kukuta vibanda vya kubeti katika kila kona ya mji, hataona jambo geni. Ataona mchezo wake wa utotoni umekua.

Hatari nyingine ni swala na masomo. Bao la mbao likichezwa barazani, adhana ikilia wachezaji hutazamana na mmoja husema, "Tuinuke." Simu haina mwenzake wa kumwambia hivyo. Mtoto yuko peke yake na kioo, na kioo hakijui Magharibi imeingia.

JE, KIINGEREZA?

Tunajua kuna mzazi atakayesema: "Nyinyi walimu mnataka kuwarudisha nyuma watoto wetu. Sekondari masomo ni kwa Kiingereza. Acheni wacheze kwa Kiingereza." Hoja hii ina uzito na hatuidharau. Kiingereza kinahitajika, na mchezo mzuri wa Kiingereza unaweza kumwongezea mwanafunzi wa sekondari maneno mengi. Acheze, na kamusi iwe pembeni.

Lakini tukiite kitu kwa jina lake. Huo ni mchezo wa Kiingereza. Haupimi akili ya mtoto, haupimi ujuzi wake wa kusoma kwa jumla, na hauwezi kuwa wa kwanza kwa mtoto mdogo ambaye hajui kusoma lugha anayoiota usingizini. Anayejenga nyumba haanzi na bati.

USHAURI WETU

Kwa kuzingatia hayo, tunatoa ushauri ufuatao kwa familia za wanafunzi wetu:

1. Kabla ya kumpa mtoto mchezo wowote, mzazi aucheze mwenyewe kwa nusu saa. Aone una lugha gani, una matangazo gani, na kama una mwisho.

2. Mchezo unaofanya kazi bila intaneti ni bora. Unaokoa bando na unapunguza matangazo.

3. Mtoto akimaliza kucheza, aulizwe maneno matatu aliyoyapata leo. Ayaandike kwenye daftari na kila moja alitungie sentensi. Akishindwa siku tatu mfululizo, mchezo huo uondolewe.

4. Simu iwe sebuleni, isiwe kitandani. Na adhana ikilia izimwe, ya mtoto na ya mzazi. Mtoto hatazima yake huku baba akiendelea kutazama yake.

5. Wenye duka au fundi wa simu kati ya wazazi wetu, na vijana wetu wanaosoma mambo ya kompyuta, watusaidie kuziweka programu za Kiswahili zilizo bure katika vifaa vya watoto. Kutengeneza vya kwetu kunawezekana pia. Vibonzo vya Ubongo Kids, vinavyofundisha hisabati kwa Kiswahili, vilianza kuonyeshwa mwaka 2014 na vinatengenezwa hapa hapa Dar es Salaam.

KAZI KWA WANAFUNZI

Na nyinyi wanafunzi, msingoje kununuliwa kifaa. Tunawapa kazi mbili.

Kazi ya kwanza: chukueni ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili, muhesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kama alivyofanya Alfred Butts kwa gazeti la kwao na kama alivyofundisha al-Kindi kabla yake. Mtaona A inavyowaacha wenzake mbali. Mtaona pia K yetu si herufi ya kuwekewa kipande kimoja.

Kazi ya pili ni nzuri zaidi. Mnakumbuka hapa chuoni mlianza kwa kuhijai, mkiiunganisha kila herufi na irabu yake: ba, bi, bu. Kiswahili nacho kinakwenda kwa silabi hivyo hivyo. Basi kateni maboksi matupu, ambayo Kariakoo hayana uhaba, mtengeneze vipande vya silabi badala ya herufi. Kwa vipande sita tu, yaani ki, ta, bu, ka, ma na li, mnapata kitabu, tabu, taka, kata, kama, kali, mali, lima, buli na makali. Tafuteni mengine. Kamusi iwe mwamuzi, na asiyejua maana ya neno alilolipanga asipewe alama. Mchezo huu hauna betri, hauna tangazo, na wachezaji wake wanatazamana usoni.

Atakayeleta hesabu safi ya herufi, na watakaoleta seti kamili ya silabi, kazi zao tutazitoa katika toleo lijalo la jarida hili, Inshaallah.

Wazazi wetu, kifaa kimeshaingia nyumbani na hakitatoka. Kilichobaki mikononi mwetu ni kuchagua kinasema lugha gani na mtoto, na kuwa karibu naye kinaposema. Tunamuomba Allah (S.W.) awape watoto wetu elimu yenye manufaa, awalinde na kila kinachowapotezea umri, na atujaalie sisi wakubwa tuwe mfano kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.